Sura ya 6: Mji Ulioshuka Mlima

"Mimi ni mzima. Sivuti sigara. Nyumbani napanda hadi ghorofa ya tatu na ndoo ya maji mkononi. Mbona nilipofika Addis Ababa ngazi za hoteli zilinishinda? Nilikuwa naumwa bila kujua?"

Swali hili haliishi. Huulizwa na kijana aliyekwenda kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika, na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyelala pale usiku mmoja akisubiri ndege ya Guangzhou, na mama aliyekwenda kumwona bintiye aliyeolewa huko. Kila mmoja hudhani yamemkuta yeye peke yake. Basi hunyamaza, hujikaza, siku ya kwanza hukimbilia kilele cha mlima apige picha, na siku ya pili hushinda kitandani kichwa kikimgonga.

Jibu fupi ni hili: hukuwa unaumwa. Ulipanda mlima ukiwa umeketi.

Addis Ababa iko takriban mita 2,355 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mji mkuu mwingine barani Afrika ulio juu kuliko huo. Nairobi, ambayo watu wa pwani huiona ya baridi na ya juu, iko karibu mita 1,700. Mpanda Kilimanjaro wa njia ya Marangu hutembea saa kadhaa msituni, jasho likimtoka, kabla ya kufikia mwinuko kama wa Addis. Na njia nzima kiongozi wake humwambia neno moja: pole pole. Msafiri wa Dar es Salaam hufika mwinuko huohuo kwa saa tatu hivi, mkanda kiunoni na chakula mapajani, wala hakuna anayemwambia pole pole.

Sura hii ina ushauri mmoja, na mengine yote yanautegemea: mji wa mlimani usiupange kwa ramani peke yake. Upange kwa mwinuko. Anza na vilivyo chini, malizia na vilivyo juu.

Hewa ya juu imepungukiwa nini?

Wengi husema "kule juu hakuna oksijeni". Oksijeni ni ile sehemu ya hewa ambayo mwili huitumia kuchoma chakula ili upate nguvu. Kule juu ipo. Ukichukua hewa ya Dar es Salaam ukaigawa mafungu 100, mafungu kama 21 ni oksijeni. Ukifanya hivyohivyo Addis, utapata 21 yaleyale.

Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, yaani jinsi hewa iliyo juu yetu inavyoikandamiza ile iliyo chini kwa uzito wake. Fikiria marobota ya mitumba yaliyopangwa ghalani, moja juu ya jingine. La chini kabisa limebanwa na yote yaliyo juu yake, nguo zake zimeshikana. La juu limelegea. Sisi wa pwani tunaishi chini kabisa ya rundo, na hewa yetu imeshindiliwa. Watu wa Addis wamekaa juu zaidi, na karibu robo nzima ya rundo imebaki chini ya miguu yao.

Maana yake ni kwamba kila pumzi unayovuta kule inakuletea kama robo tatu tu ya oksijeni uliyozoea baharini. Pilau ni ileile, nyama na mchele kwa kipimo kilekile, ila kijiko kimepunguzwa. Ukitaka kushiba, itabidi uchote mara nyingi zaidi.

Dalili za hewa hiyo iliyolegea utaziona hata kabla ya kuihisi kifuani:

- Pakiti ya krispi uliyonunua Dar itakuwa imevimba kama mto. Hewa iliyofungwa ndani ni ya pwani, na nje hakuna wa kuibana.
- Maji huchemka mapema, kwenye nyuzi kama 92 badala ya 100. Yanatokota, lakini hayana moto wa kutosha. Ndiyo maana maharage hukaa jikoni muda mrefu, na wenye sufuria ya presha huithamini.
- Baridi huingia jioni. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6 na nusu. Piga hesabu, utaona Addis imepungukiwa nyuzi 15 hivi ukilinganisha na pwani.
- Jua huchoma bila joto. Hewa nyepesi huchuja kidogo mionzi ya jua. Unavaa sweta kwa baridi, na pua inababuka kwa jua.

Mbona ndani ya ndege sikuhisi kitu?

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Ndege inaporuka juu sana, mitambo yake hujaza hewa ndani ili abiria waweze kupumua. Lakini haiijazi hadi kufikia hewa ya ufukweni. Huiacha kama hewa ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwa hiyo mlango wa ndege unapofunguliwa Addis, hewa ya nje haina tofauti kubwa na ile uliyokuwa ukiivuta ukiwa angani.

Basi kwa nini hukuhema ndani ya ndege? Kwa sababu ulikuwa umekaa. Mwili uliotulia unaridhika na kijiko kidogo. Ulianza kuhema ulipobeba begi, ukaharakisha kwenye foleni ya uhamiaji, ukapanda ngazi. Hapo ndipo penye siri ya siku ya kwanza: hewa ya Addis haikusumbui mpaka uidai zaidi ya inavyotoa.

Mwili wako unajipangaje?

Mwili si mjinga. Ukipungukiwa, hutafuta njia.

Dakika za mwanzo, pumzi na mapigo ya moyo huongezeka. Siku ya kwanza na ya pili utakwenda haja ndogo mara nyingi kuliko kawaida. Hiyo ni kazi ya figo zinazorekebisha damu, na ni dalili njema. Usiku unaweza kushtuka usingizini kana kwamba umesahau kupumua. Kinywa na midomo hukauka. Kichwa huweza kuuma kidogo. Watu wengi hujisikia sawa baada ya siku mbili au tatu. Mwili ukikaa wiki kadhaa, huongeza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Ndiyo sababu mojawapo inayowafanya wakimbiaji wa Iten huko Kenya, na wenzao wa Ethiopia, kufanya mazoezi kwenye nyanda za juu.

Ugonjwa wa mwinuko hasa, ule unaowapata wapanda milima, kwa kawaida huanza kwenye mita 2,500 kwenda juu. Katikati ya Addis upo chini kidogo ya hapo. Lakini mlima Entoto, ulio upande wa kaskazini wa mji, unapita mita 3,000. Huko umevuka mstari.

Tofautisha usumbufu na hatari. Kuhema kwenye ngazi na kuumwa kichwa kidogo ni usumbufu: pumzika, kunywa maji, utapita. Hatari ni hizi:

- kuhema ukiwa umekaa tu;
- kichwa kisichosikia dawa ya maumivu, pamoja na kutapika;
- kupepesuka kama mlevi, au kuchanganyikiwa.

Zikikupata ukiwa Entoto, shuka mara moja na uende hospitali. Zikikupata katikati ya mji, nenda hospitali vilevile, kwa sababu huenda una maradhi mengine kabisa ambayo mwinuko umeyachokoza.

Wapo wanaopaswa kumwona daktari kabla ya kukata tiketi: wenye selimundu, wenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, wenye upungufu mkubwa wa damu, na wajawazito. Selimundu naitaja kwanza kwa makusudi. Ni ugonjwa uliozagaa pwani na Kanda ya Ziwa, na upungufu wa oksijeni ndio hasa unaozifanya chembe za damu zijikunje na kuziba njia. Mgonjwa asikatazwe safari, ila aende kwa ushauri.

*Kwa ufupi: oksijeni ipo, kijiko ndicho kidogo. Siku ya kwanza tulia, kunywa maji, acha pombe na dawa za usingizi, na usipande Entoto.*

Mji uliokimbia baridi

Kabla hatujapanga ratiba, tuusikilize mji wenyewe, maana ulikwishapata somo hili zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Mfalme Menelik II alikuwa na makao yake juu ya Entoto. Kwa vita palikuwa mahali pazuri, kwani ukiwa juu unamwona adui akiwa mbali. Kwa maisha ya kila siku ilikuwa taabu. Upepo, baridi, na kuni zilizokuwa zikiisha mwaka hadi mwaka. Chini, kwenye tambarare, palikuwa na chemchemi za maji moto zinazoitwa Filwoha. Mkewe, Malkia Taytu, alipenda kushuka kuoga pale. Mwaka 1886 alijengewa nyumba karibu na chemchemi, na yeye ndiye aliyepaita Addis Ababa, yaani "ua jipya" kwa Kiamhari. Waoromo, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na jina lao la zamani, Finfinne, na hadi leo wanalitumia.

Wakubwa walimfuata malkia, askari wakawafuata wakubwa, wachuuzi wakawafuata askari. Mji ukashuka mlima.

Lakini kuni ziliendelea kuwa haba hata huko chini. Kilichouokoa mji ni mkaratusi, mti ulioletwa kutoka Australia, unaokua haraka na kuchipua tena ukikatwa. Leo mteremko wa Entoto umefunikwa na mikaratusi, na harufu yake ndiyo itakayokupokea. Huenda ukakutana pia na wanawake wanaoshuka mlima wamejitwisha mizigo ya kuni mgongoni, mirefu kuliko wao. Ukiwa unahema mikono mitupu, kisha mama wa makamo akupite na mzigo huo, utajua mwinuko ni kitu cha kuzoewa.

Mji ulishuka. Wewe mgeni fanya kinyume chake: panda taratibu, kisha mwishoni shuka kama malkia.

Siku nne, kutoka chini kwenda juu

*Siku ya 1: Bole na Meskel.* Uwanja wa ndege wa Bole uko ndani ya mji, kwenye upande wake wa chini. Fika, oga, lala saa mbili. Jioni nenda Uwanja wa Meskel, ambako kila mwaka tarehe 26 Septemba, au 27 katika miaka fulani, huwashwa moto mkubwa wa kuni kuingia sikukuu ya Msalaba. Asubuhi mapema utawakuta wakimbiaji wakipanda na kushuka ngazi zake ndefu. Watazame tu, usijaribu.

Kando ya uwanja lipo jumba la kumbukumbu ya waliouawa katika Ugaidi Mwekundu, wakati wa utawala wa kijeshi wa Derg. Ni dogo na lina uzito wa kukutosha siku nzima. Karibu na hapo ni Jumba la Afrika, ambamo tarehe 25 Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa, Mwalimu Nyerere akiwa miongoni mwa waasisi. Humo kuna dirisha kubwa la vioo vya rangi, kazi ya msanii Afewerk Tekle. Jumba lilifunguliwa tena mwaka 2024 baada ya ukarabati mkubwa.

Makao makuu ya sasa ya Umoja wa Afrika, yaliyofunguliwa mwaka 2012, yako sehemu nyingine ya mji na hayaingiwi bila kibali. Ukipata mwenyeji wa kukuingiza, humo utaiona sanamu ya Mwalimu iliyozinduliwa Februari 2024. Kiswahili nacho kimekuwa lugha ya kazi ya Umoja huo tangu 2022, kwa hiyo salamu yako haitakosa wa kuiitikia.

*Siku ya 2: Arat Kilo na Sidist Kilo.* Sasa panda kidogo, hadi juu ya mita 2,400. Usishangae majina: *arat* ni nne, *sidist* ni sita. Kiamhari na Kiarabu ni ndugu, na sisi tulichukua sita na saba kutoka Kiarabu. Ukisikia *sidist* na *sebat*, sikio lako litatambua ukoo.

Makumbusho ya Taifa ndiyo makazi ya Lucy, mifupa ya kiumbe wa kale aliyetembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.2 iliyopita. Aligunduliwa mwaka 1974 huko Hadar, na Waethiopia humwita Dinkinesh, "wewe ni wa ajabu". Kwa kawaida wageni huonyeshwa nakala, na mifupa yenyewe huhifadhiwa. Msomaji wa Tanzania asimame hapo kwa fahari kidogo. Taya ambalo wanasayansi walilifanya kielelezo cha spishi nzima ya Lucy, yaani kipimo cha kusema huyu ni wa jamii hii au siye, lilitoka Laetoli, karibu na Ngorongoro. Nyayo maarufu za Laetoli, zenye umri wa miaka kama milioni 3.6, zinadhaniwa kuwa za jamii hiyohiyo. Mifupa mizuri iko kwao, nyayo ziko kwetu.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Chuo Kikuu cha Addis Ababa, ambacho makumbusho yake ya tamaduni yamo katika kasri la zamani la Mfalme Haile Selassie. Nje, kwenye mzunguko wa barabara, umesimama mnara wa Yekatit 12, kumbukumbu ya raia waliochinjwa na Waitaliano walioikalia nchi, kuanzia tarehe 19 Februari 1937. Shukia Arat Kilo uone Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, alikozikwa upya Haile Selassie mwaka 2000, miaka 25 baada ya kifo chake.

*Siku ya 3: Piassa na Mercato.* Piassa lilikuwa eneo la nyumba kongwe za mji, na sehemu kubwa ilibomolewa mwaka 2024 ili kupanua barabara na kuujenga mji upya. Lililobaki imara ni kanisa la Mtakatifu Giorgis lenye pembe nane, linalohusishwa na ushindi wa Adwa wa mwaka 1896, Ethiopia ilipoyapiga majeshi ya Italia. Karibu yake ni jumba jipya la kumbukumbu ya ushindi huo.

Kisha ingia Mercato, mojawapo ya masoko makubwa ya wazi barani. Aliyezoea Kariakoo au Gikomba hatapotea: mtaa wa viungo, mtaa wa mabati, mtaa wa plastiki, na wapagazi wanaopiga kelele upishe njia. Sheria za Kariakoo zinatosha: simu mfukoni, begi kifuani, bei ya kwanza si bei. Msikiti mkubwa wa Anwar uko hukohuko. Jipe nusu siku, maana kusukumana sokoni ni mazoezi mazito kwenye hewa hii.

*Siku ya 4: Entoto.* Sasa umeiva. Kodi gari likupandishe, na ukifika juu tembea, usikimbie. Kanisa la Maryam ndimo alimovishwa taji Menelik mwaka 1889, na jirani yake kuna nyumba yake ya zamani, ya miti na udongo, nyenyekevu kuliko unavyotarajia kwa mfalme. Bustani ya Entoto, iliyofunguliwa mwaka 2020, ina njia za kutembea chini ya mikaratusi. Kutoka ukingoni utauona mji wote umelala chini kwenye ukungu mwepesi.

Mchana shuka hadi Filwoha. Bafu za maji moto bado zinafanya kazi, na mtu yeyote hulipia na kuoga. Ukijitumbukiza humo baada ya upepo wa Entoto, hutahitaji tena mwanahistoria wa kukueleza kwa nini mji ulihama.

*Kwa ufupi: siku ya 1 Bole, ya 2 makumbusho, ya 3 masoko, ya 4 mlima kisha maji moto. Mwenye siku mbili tu achague ya 1 na ya 2, mlima uwe wa safari nyingine. Mwenye saa nane za kusubiri ndege aende Makumbusho ya Taifa, anywe kahawa, arudi.*

Saa yao ni saa yetu

Wazungu wanaofika Addis huchanganyikiwa na saa. Sisi tunafika nyumbani. Waethiopia huhesabu saa kuanzia kupambazuka, kama sisi: saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi. Hata majira ni yaleyale ya Nairobi na Dar es Salaam, usibadilishe mshale.

Tahadhari ni moja. Tiketi ya ndege hutumia saa za kimataifa, na hoteli huzoea wageni wa Ulaya. Ukimwambia dereva wa teksi kwa Kiingereza "njoo saa mbili", huenda akaja kwa saa ya kwao, ambayo ni ya kwetu, au kwa saa ya kizungu. Sema "saa mbili ya Habesha", yaani ya Kiethiopia, mwongezee "asubuhi", kisha mwonyeshe mshale.

Kalenda ndiyo ngeni kweli. Ina miezi 13: kumi na miwili ya siku 30, na mmoja wa siku 5 au 6. Mwaka mpya huanza tarehe 11 Septemba, au 12 katika miaka fulani. Hesabu yao iko nyuma ya yetu kwa miaka 7 au 8. Basi ukipewa risiti yenye mwaka uliokwisha kupita, usigombane na keshia.

Mezani

Chakula kikuu ni injera, mkate mpana laini wenye uchachu na vitundu, unaopikwa kwa nafaka ndogo iitwayo tefu. Juu yake humiminwa mchuzi, na mnakula pamoja kutoka sinia moja kwa mkono wa kulia. Kwa mtu wa pwani, adabu hiyo haihitaji mwalimu. Mwenyeji akikulisha tonge kwa mkono wake, hiyo ni heshima iitwayo *gursha*. Fungua kinywa.

Jumatano na Ijumaa, na kipindi chote cha Kwaresima, Wakristo wa Orthodox hufunga kwa kuacha nyama, maziwa na mayai. Hapo agiza *beyaynetu*, sinia la dengu, mboga na shiro ya unga wa jamii ya kunde. Ni jepesi tumboni, linalomfaa mgeni wa siku ya kwanza. Waislamu wafahamu kwamba mabucha na mikahawa ya nyama huenda kwa dini. Tafuta ya Waislamu, iko mingi hasa maeneo ya Mercato, au shika sinia la kufunga.

Kahawa huitwa *buna*. Neno hilo si geni, maana nasi punje za kahawa twaziita buni. Hukaangwa mbele yako, hutwangwa, huchemshwa katika *jebena*, yaani dele la udongo, na hunywewa mara tatu: ya kwanza *abol*, ya pili *tona*, ya tatu *baraka*. Kila mzunguko ni mwepesi kuliko uliotangulia, na yote huchukua saa nzima au zaidi. Ukiondoka baada ya kikombe cha kwanza, umeondoka bila baraka. Wahenga wetu walikwishasema kuhusu haraka, na Addis wameiweka methali hiyo ndani ya kikombe.

*Tej*, pombe ya asali, ni tamu na huficha makali yake. Iache mpaka siku ya tatu.

Mambo ya kupanga kabla ya kuondoka

- Majira. Oktoba hadi Januari ni kavu na angavu, ila usiku ni wa baridi kali. Juni hadi Septemba ni masika makubwa ya huko, mvua karibu kila siku. Timkat, sikukuu ya Ubatizo wa Yesu, huwa tarehe 19 Januari, au 20 katika miaka fulani, na mji mzima huhamia barabarani. Februari, viongozi wa Afrika wanapokutana, hoteli hujaa na barabara hufungwa.
- Viza. Mwenye pasipoti ya Kenya huingia bila viza. Wengine waangalie utaratibu kwenye tovuti rasmi ya viza ya Ethiopia kabla ya kulipa chochote. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
- Malaria. Mbu wake hawastahimili mwinuko wa Addis, kwa hiyo mjini hakuna haja ya dawa ya kinga. Ukishuka Gambela au Arba Minch, mambo hubadilika.
- Fedha. Sarafu ni birr. Badilisha benki, usichukue nyingi, kwa sababu nje ya Ethiopia ni shida kuibadilisha. M-Pesa ilianza huko mwaka 2023, lakini usisafiri ukitegemea akaunti ya laini yako ya nyumbani.
- Usafiri. Teksi za kuagiza kwa simu zipo. Daladala za huko ni vibasi vya bluu na nyeupe, na kondakta, *weyala*, hutaja kituo kwa sauti kama wetu. Siku ya kwanza panda teksi. Usipigane na mlango wa kibasi kabla hujazoea hewa.
- Mavazi. Sweta zito, koti la mvua, kofia, mafuta ya midomo. Mwanamke achukue kanga mbili: ya kujifunika kichwa kanisani au msikitini, na ya kujitandaza usiku. Kanisani viatu huvuliwa mlangoni.
- Njia ya barabara. Anayetoka Nairobi kwa basi kupitia Moyale hupanda mwinuko polepole kwa siku mbili au zaidi. Mgongo utachoka, lakini mapafu yatamshukuru.

Chupa ya kurudi nayo

Usiku wa mwisho, kabla ya kwenda Bole, chukua chupa ya plastiki iliyokwisha maji, ifunge vizuri, uitie kwenye begi. Usiifungue njiani.

Ukifika Dar es Salaam au Mombasa, itoe. Utaikuta imebonyea kana kwamba mtu ameikaba. Hakuna aliyeigusa: hewa iliyolegea ya Addis imebaki ndani, na hewa nzito ya pwani imeibana kwa nje. Mwonyeshe yule ndugu aliyekucheka ulipomsimulia ngazi za hoteli. Kisha panda zako hadi ghorofa ya tatu, na ndoo ya maji mkononi, uone kama utahema.